“Mwalimu, saini inakaa wapi kwenye pembetatu?”

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule moja ya sekondari hapa Bagamoyo, na huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Nakuandikia kwa sababu mada ya trigonometria katika kidato cha pili imenishinda kwa namna ambayo sikuitarajia, na wanaoumia ni wanafunzi wangu.

Nilianza kama nilivyofundishwa mwenyewe. Nilichora ubaoni pembetatu mraba, yaani yenye pembe moja ya nyuzi 90, nikataja majina ya pande zake tatu, nikaandika kanuni za saini, kosaini na tanjenti, kisha nikawapa wanafunzi ule wimbo wa herufi tunaoujua sote, SOTOCA juu na HAH chini, yaani S ni O juu ya H, T ni O juu ya A, na C ni A juu ya H. Waliuimba vizuri, na kwa siku tatu kila swali nililowapa walilipata, nikaamini kwamba kazi imekwisha. Siku ya nne niliwapa jaribio. Katika swali la kwanza niliichora pembetatu ile ile ya pande 3, 4 na 5 tuliyoizoea, ila safari hii niliilaza juu ya haipotenusi yake, yaani upande ulio mrefu kuliko yote. Karibu darasa zima lilianguka. Wengi walikuwa wameshika kwamba upande mkabala, yaani ule unaoikabili pembe, ni ule uliosimama, na kwa kuwa kwenye mchoro wangu hapakuwa na upande wowote uliosimama, wakabahatisha. Katika swali lililofuata niliwaambia kwamba saini ya nyuzi 30 ni 0.5, nikauliza saini ya nyuzi 60. Waliizidisha kwa mbili wakaandika 1.

Baada ya kipindi alinifuata binti mmoja mkimya anayekaa dawati la nyuma, akaniuliza: “Mwalimu, saini inakaa wapi kwenye pembetatu? Pande nimeziona, pembe nimeziona, lakini saini yenyewe siioni.” Nilimjibu kwamba saini ni upande mkabala ukigawanywa kwa haipotenusi. Aliitikia kwa heshima, lakini niliona wazi kwamba sikumjibu. Mwenzake aliuliza, kwa nia njema kabisa, kama neno hilo lina uhusiano na saini ya kutia kwenye cheti, na hilo nalo sikuwa na jibu lake.

Nilifikiria kuwatoa nje wakapime vivuli, lakini mwenzangu mmoja aliyenitangulia kazini aliniambia kwamba kupimapima ni mambo ya shule ya msingi na kwamba silabasi haitanisubiri. Je, niurudie wimbo mpaka uwakae, au niendelee na mada inayofuata? Na nikifika kwenye maswali ya mtu aliye juu anayetazama kitu kilicho chini, ambayo hata mimi nilipokuwa mwanafunzi yalinisumbua, niyaingieje?

Mwalimu wa kidato cha pili, Bagamoyo

JIBU

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Pole kwa yaliyokufika, na hongera kwa kutoyafunika.

Binti yule amekuuliza swali lililo bora kuliko yote yaliyomo katika mada hii, kwa hiyo tuanze naye. Ameona kweli: saini haikai popote kwenye pembetatu. Upande utauwekea rula, pembe utaiwekea kipimapembe, lakini saini ni namba inayozaliwa unapolinganisha pande mbili na kuuliza upande huu ni sehemu gani ya ule. Tena namba hiyo ni mali ya pembe, wala haiitegemei pembetatu uliyoichora. Chora pembetatu mraba ndogo ya kuenea kiganjani, kisha chora nyingine ya kuenea uwanja wa mpira. Maadamu pembe ni ile ile, ukigawanya utapata namba ile ile. Hapo ndipo penye roho ya mada nzima, na mwanafunzi asiyepaona kwa macho yake, kila utakachomfundisha baadaye atakihifadhi kama anavyohifadhi namba ya simu, na siku utakapoigeuza picha atakuwa hana pa kushika.

Kwa hiyo, uweke wimbo kando kwa wiki moja. Siupigi marufuku, na nitaurudia, lakini umekuja kabla ya wakati wake. Herufi zake ni vifupisho vya majina ya Kiingereza: S, T na C za saini, tanjenti na kosaini, na O, A na H za mkabala, jirani na haipotenusi, pande ambazo mwanafunzi bado hajajifunza kuzitambua, na hivyo umempa mzigo wa lugha na mzigo wa hesabu kwa pamoja. Najua lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza na kwamba mtihani utakuja kwa Kiingereza. Hata hivyo jambo lieleweke kwanza kwa Kiswahili, kisha liandikiwe jina lake la mtihani pembeni, na litakaa.

Kipindi cha kwanza kiwe cha rula na kipimapembe. Mwambie kila mwanafunzi achore katika daftari lake pembetatu mraba yenye pembe moja ya nyuzi 35, kwa ukubwa wowote aupendao. Nakuomba uchague 35 na si 30 wala 45. Ukichagua 45, pande mbili zinazofanya pembe mraba zinalingana, na mwanafunzi aliyechanganya mkabala na jirani atapata jibu sahihi bila wewe kujua kwamba amekosea. Ukichagua 30, jibu litakuwa nusu kamili, na darasa litadhani kwamba siri yote imo ndani ya nusu. Nyuzi 35 hazina upendeleo wowote. Kila mmoja apime kwa milimita upande unaoikabili pembe hiyo na haipotenusi, agawanye, kisha aje kuandika jibu lake ubaoni katika safu moja ndefu. Aliyechora haipotenusi ya sentimita 7 atapata mkabala wa sentimita 4 hivi, na mgawanyo wake ni 0.57. Aliyechora ya sentimita 14 atapata sentimita 8, na mgawanyo wake ni huo huo 0.57. Ngoja mpaka safu ijae kabla hujasema lolote. Wataanza kunong’onezana wenyewe, kwa sababu kila mmoja alitazamia kwamba pembetatu kubwa itatoa namba kubwa.

Wapo watakaoandika 0.6 au 0.54, nao usiwafute. Waulize pembetatu zao zilikuwa na ukubwa gani, na mara nyingi utakuta ni zile ndogo kabisa: kwenye haipotenusi ya sentimita 3, kosa la milimita moja tu katika kusoma rula linahamisha jibu kutoka 0.57 hadi 0.6. Hilo peke yake ni somo zuri kuhusu vipimo. Ndipo uwafungulie kitabu cha majedwali, uwaonyeshe kwamba mbele ya nyuzi 35 pameandikwa 0.5736, na uwaambie kwamba namba waliyoitafuta kwa mikono yao ina jina, na jina lake ni saini. Jina likija baada ya kitu chenyewe, hata yule binti hataiona saini kama kitu kilichofichwa ndani ya mchoro.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wa “upande uliosimama”, kwa sababu huo hautibiwi na daftari. Tafuta kamba, uigawe kwa alama katika vipande 12 vinavyolingana, kila kimoja nusu mita, kisha uitandaze uwanjani iwe pembetatu ya vipande 3, 4 na 5. Mafundi waashi wanaoweka msingi wa nyumba hutumia kipimo hiki kila siku kuhakikisha kwamba kona imekaa sawasawa, na bila shaka darasani kwako wamo watoto waliowahi kuwashikia baba zao kamba hiyo. Msimamishe mwanafunzi kwenye kona yenye pembe mraba, atazame mbele yake: upande ulio kule ng’ambo, asioweza kuufikia, ndio haipotenusi, na jina hilo halitabadilika hata pembetatu igeuzwe vipi. Kisha mhamishie kwenye kona ya pili, anyooshe mikono yake kufuata pande mbili zinazokutana miguuni pake. Mkono mmoja umeelekea kwenye haipotenusi, ambayo jina lake tayari tunalijua. Mkono wa pili umeelekea kwenye upande jirani. Na ule upande uliobaki, asiougusa kwa mkono wowote, ndio mkabala. Baada ya hapo mhamishie kwenye kona ya tatu na umwambie ataje tena. Atasita, kwa sababu upande aliouita jirani dakika moja iliyopita sasa umekuwa mkabala. Usimsaidie upesi. Kule kusita ndiko kujifunza kwenyewe: anatambua kwamba mkabala na jirani ni majina ya uhusiano, kama vile mtu mmoja anavyokuwa mjomba kwa huyu na kaka kwa yule, bila yeye mwenyewe kubadilika.

Wakiwa bado uwanjani waandike hesabu zao mchangani. Kwenye kona moja saini ni 3 kwa 5, yaani 0.6, na kosaini, ambayo ni jirani ukigawanywa kwa haipotenusi, ni 0.8, kwenye kona ya pili saini ni 0.8 na kosaini ni 0.6. Yupo atakayegundua mwenyewe kwamba saini ya kona moja ndiyo kosaini ya mwenzake, na kwamba ni kwa sababu kona hizo mbili zikijumlishwa zinatimiza nyuzi 90. Mwache aliseme yeye.

Kosa la kuizidisha saini ya 30 kwa mbili lina dawa yake, nayo ni mchoro mmoja tu. Kwa bikari, kila mwanafunzi achore robo duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 10, agawanye pembe yake kwa nyuzi kumi kumi, na kutoka kila alama ashushe mstari wima hadi kwenye msingi. Kwa kuwa haipotenusi zote zina sentimita 10, urefu wa kila mstari wima ukigawanywa kwa kumi ni saini. Watapata sentimita 1.7 kwenye nyuzi 10, 3.4 kwenye 20, 5 kwenye 30, 6.4 kwenye 40, 7.7 kwenye 50, 8.7 kwenye 60, 9.4 kwenye 70 na 9.8 kwenye 80, kisha 10 kamili pale kwenye 90. Waulize kila hatua imepanda kiasi gani. Nyuzi kumi za kwanza zilipandisha mstari sentimita 1.7, lakini nyuzi kumi za mwisho hazikufikisha hata robo ya sentimita, na mwenye macho ataona kwa nini: duara linaanza kwa kupanda wima na linamalizia kwa kujilaza. Mwanafunzi aliyeuchora mchoro huo kwa mkono wake hawezi tena kukuandikia kwamba saini ya 60 ni 1, kwa sababu anajua kwamba moja inangoja kule juu kwenye 90, na kwamba haiwezi kuvukwa, maana hakuna upande wa pembetatu mraba unaoushinda haipotenusi. Tanjenti, yaani mkabala ukigawanywa kwa jirani, haina mpaka huo: kwenye nyuzi 80 ni 5.67, kwenye 89 inapita 57, na kwenye 90 haipo kabisa.

Kuhusu vivuli, watoe nje bila wasiwasi. Huyo mwenzako anakutakia mema na shinikizo la silabasi ni la kweli, lakini kivuli ndicho kilichoizaa sehemu kubwa ya elimu hii. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu, tangu karne ya 9, waliiita tanjenti kwa neno lao la kivuli, kwa sababu waliitumia kulinganisha urefu wa kijiti kilichosimikwa na kivuli chake. Na wanafunzi wako waliopita madrasa tayari wanaijua tanjenti, ila hawajaambiwa. Waulize wakati wa Alasiri huingia lini. Watakujibu kwamba huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, ukiacha kile kivuli kilichokuwapo wakati wa zawali, jua lilipokuwa juu kabisa. Sasa Bagamoyo iko zaidi kidogo ya nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, na siku hizo adhuhuri haina kivuli cha kuondoa. Alasiri ya siku hiyo inaingia kivuli na kitu vikiwa sawa kwa sawa: urefu ukigawanywa kwa kivuli ni 1, na jua liko nyuzi 45 juu ya upeo wa macho. Hiyo ndiyo tanjenti ya 45, nao wameiishi tangu utotoni.

Katika kupima, usitumie mnazi. Najua minazi ndiyo iliyowazunguka, lakini mingi imeinama, na mnazi ulioinama hauna pembe mraba na ardhi, hivyo hesabu yote itaharibika na wanafunzi watadhani kanuni ndiyo iliyodanganya. Tumia mlingoti wa bendera wa shule, pale ambapo ardhi ni tambarare. Simika kijiti cha mita moja, ukihakikishe kwa timazi, na vivuli viwili vipimwe kwa wakati mmoja na makundi mawili, kwa sababu jua husogea nyuzi 15 kila saa, yaani uzi mmoja kila dakika nne. Tuseme kijiti kimetoa kivuli cha mita 1.25 na mlingoti mita 7.5: mita 1 kwa 1.25 ni 0.8, na 0.8 mara 7.5 inatoa mlingoti wa mita 6. Asubuhi mnamo saa tatu ni wakati mzuri. Karibu na adhuhuri vivuli ni vifupi mno kuaminika.

Yule aliyeuliza kuhusu saini ya cheti anastahili jibu. Maneno hayo mawili yamefanana kwa matamshi tu. Saini ya hisabati ilianzia India, ambako Aryabhata, aliyeandika mwaka 499, na wenzake waliiita jya, yaani uzi wa upinde. Ukiitazama ile robo duara na mistari yake, utauona upinde na uzi wake. Waarabu walilichukua neno kwa sauti yake, baadaye likasomwa kama jayb, lenye maana ya mfuko au uwazi wa vazi kifuani, na wafasiri wa Ulaya wakalitia katika Kilatini kwa neno lao sinus, lenye maana hiyo hiyo. Msimulie hivyo, na hatalisahau.

Maswali ya kutazama chini yana kosa moja kubwa, nalo ni mahali pa kuiweka pembe. Wanafunzi huiweka kati ya mstari wa macho na ukuta, kumbe hupimwa kutoka kwenye mstari wa mlalo wa macho ya mtazamaji kushuka chini. Wafundishe kuchora mlalo huo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Mtu ambaye macho yake yako mita 10 juu ya maji, akiiona ngalawa nyuzi 8 chini ya mlalo, basi ngalawa nayo inamwona yeye nyuzi 8 juu, kwa sababu mlalo wa huku na wa kule ni sambamba; umbali wake ni 10 gawanya kwa 0.1405, yaani mita 71 hivi. Na kama wanatumia kikokotoo, waangalie kwanza kama kimewekwa kwenye nyuzi: kikikupa saini ya 30 kuwa hasi 0.988, kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe.

Kwa hesabu yangu haya yote yatakula vipindi vinne vya dakika 40, na vitano ukijumlisha kile cha uwanjani. Vipindi hivyo utavirudisha, kwa sababu maswali uliyokuwa ukiyarudia bila mafanikio hutayarudia tena. Kipindi cha tano ndipo uurudishe wimbo. Waulize wenyewe kila herufi inasimama badala ya nini, na kwa nini HAH iko chini. Wakikujibu, waimbe watakavyo.

Na utakapoanza ile safu ya nyuzi 35 ubaoni, chaki ya kwanza mpe yule binti wa dawati la nyuma.